Makopo ya Mlangoni

Asubuhi hii nimebandua gamba jeupe lililoganda ndani ya birika langu la umeme, nikaliweka kiganjani, na hofu ikanijia kabla ya kumbukumbu. Ndivyo mambo yanavyonijia siku zote: kwanza moyo unaenda mbio, kisha natafuta sababu. Nimemaliza chuo, nimepanga chumba kimoja hapa Dodoma, nasubiri simu ya usaili ambayo huenda isipigwe, na maji ya hapa yana chumvi inayoacha ukoko kwenye kila chombo. Mtu mwingine angesugua birika kwa ndimu akaendelea na chai yake. Mimi nimekaa chini na hilo gamba, nikiyafikiria maji ya Ziwa Tanganyika, yanayoacha weupe kama huu kwenye masufuria ya Kigoma, na makopo niliyoyapanga kwenye kizingiti cha nyumba yetu ya Gungu.

Baba alikuwa mwalimu wa baiolojia, mtu wa Singida aliyehamishiwa Kigoma kabla sijaanza kutembea. Siku moja alirudi kutoka bondeni alikokuwa amewapeleka wanafunzi wake, suruali imelowa hadi magotini, na mfukoni mwa shati ana karatasi iliyokunjwa. Aliifungua juu ya meza taratibu, akatukataza kupumua karibu. Ndani mlikuwa na kitu kama vumbi jeusi, kama pilipili manga iliyosagwa mpaka ikakosa chembe.

"Mbegu," alisema.

Mama alicheka. "Hizo mbegu au umekung'uta viatu?"

"Cheka tu. Zikiota utaona. Huu mmea unakula nyama."

Alisema kwa mzaha, kama mtu anayesema kijana wake anakula mpaka anamaliza ghala. Lakini mimi nilikuwa mtoto wa kuchukua kila neno nikaenda nalo kitandani. Nilijifunika shuka mpaka kichwani nikifikiria midomo. Mmea unaokula nyama lazima uwe na mdomo, na wenye mdomo lazima uwe na meno, na vumbi lile lilikuwa na mbegu nyingi kuliko watu wote wa mtaa wetu.

Baba alitoboa matundu chini ya makopo ya majarini kwa msumari, akayajaza mchanga uliochanganywa na udongo mweusi wa huko huko bondeni, wenye harufu ya majani yaliyooza. Hakuzifukia mbegu. Alizinyunyiza juu tu, kama anayetia chumvi kwenye yai, akafunika kila kopo kwa kipande cha nailoni safi, akayapanga kwenye sinia lenye maji. Kisha akanipa masharti. Wasiwekwe kivulini. Wasipewe mbolea. Wasipewe maji ya bomba, kwa kuwa bomba letu lilivuta maji ziwani, na maji ya ziwani kwa mimea hii ni sumu. Maji ya mvua peke yake.

"Kwa nini, Baba?"

"Kwao ni mahali pasipo na kitu. Wamezoea shida. Ukiwapa maji yenye chumvichumvi kama ya ziwa, wanakufa."

Mmea huo una jina la kitabuni, refu, na Baba alinitajia. Nyumbani hatukulitumia. Tulisema "wale". Umewapa maji wale? Wale wameanikwa juani? Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwafikiria kama watu.

Wiki zilipita hakuna kitu. Baba akabanwa na mitihani, akaniachia kazi. Nilikuwa nafunua nailoni kila asubuhi nikichungulia kwa jicho moja, nikiomba waote na nikiomba wasiote. Kisha siku moja pakawa na ukijani, kama ukungu wa mkate, na ukijani huo ukawa vitu vidogo kuliko kichwa cha pini, na kila kitu kidogo kilikuwa na vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone. Jua likiwaka, kopo zima liling'aa. Sikuona meno. Hilo lilinitisha zaidi.

Aliyenishika mkono siku hiyo ni Dada Goreti. Dada Goreti ndiye aliyekuwa akikaa na mimi Baba akiwa shuleni na Mama akiwa kwenye cherehani yake huko Mwanga, barazani kwa duka la vitambaa. Mama alikutana naye hapo hapo sokoni, msichana mwembamba anayeomba kazi yoyote, akaja naye nyumbani jioni. Alikuwa amevuka kutoka Burundi na watu wengine, akakaa kambini, kisha akatoka kambini bila kibali. Miaka ile watu walikuwa wakivuka kila mara, kwa mitumbwi na kwa miguu, na malori yalipita mjini yamejaa magodoro na watoto walionyamaza. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo mtaani Goreti alipita kama Muha, mwenyeji wa Kigoma. Mimi nilifundishwa jibu.

"Ukiulizwa?" Mama alinihoji.

"Dada Goreti ni wa Kasulu."

"Kasulu wapi?"

"Kasulu tu."

Nilifanyia mazoezi jibu hilo njia nzima ya kwenda shule. Hakuna aliyewahi kuniuliza, nami nilingoja kuulizwa kama anayengoja sindano.

Goreti alipika ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, alinisuka, aliimba kwa sauti ya chini akifua. Kila kitu chake kilikuwa ndani ya kitenge kimoja kilichofungwa fundo, na fundo hilo hakulifungua kamwe moja kwa moja. Alichomoa blauzi, akafunga tena. Niliona hivyo nikadhani ni usafi.

Mdudu wa kwanza alinaswa mchana. Alikuwa kisubi, mweusi, mdogo kama nukta. Alitua kwenye jani lililokuwa na ukubwa wa ukucha wangu wa kidole cha mwisho, akagusa tone moja, akataka kuruka. Mguu mmoja ukabaki. Akasukuma kwa mwingine, ukabaki nao. Nilimwita Baba. Alichuchumaa kando yangu na furaha ya mtu aliyeona mwanafunzi wake akifaulu.

"Angalia. Kadiri anavyohangaika ndivyo anavyoshikwa zaidi. Angetulia angeweza kupona."

Nilimtazama yule kisubi mpaka nikaitwa kula. Vinywele vilikuwa vimeanza kuinama juu yake taratibu sana. Huoni vikienda, unaona tu kwamba vimefika. Jioni bado mguu mmoja ulikuwa unatikisika. Nikamwambia Dada Goreti kwamba sitaki kula. Alininusa paji la uso kama anavyonusa maziwa, akasema, "Humura, mwana wanje." Mwana wanje ni mwanangu, na humura ni neno la kwao. Hutumika mtu akilia, au akiogopa, au mvua ikipiga mabati kwa nguvu. Nilijua maana yake bila kuambiwa, kwa sababu kila aliposema alikuwa ameniwekea mkono mgongoni.

Kilichonigeuza kutoka kuwaogopa hadi kuwahitaji ni mazungumzo niliyoyasikia nikiwa nyuma ya jiko, nimechuchumaa kwenye pipa la maji ya mvua. Ilikuwa Jumamosi, Mama anachambua mchele, Baba anapiga viatu rangi. Dada Goreti alikuwa uani anaanika nguo, ametupa mgongo.

"Wanasema wataanza msako," Mama alisema. "Nyumba kwa nyumba. Wakimkuta humu ndani?"

"Watamchukua."

"Na wewe?"

"Mimi ni mtumishi wa serikali, Mama Moni. Wataniuliza kwa nini nimemficha, na sitakuwa na jibu. Kazi itakwenda."

Mama aliacha kuchambua. "Sasa wakija hapo mlangoni tutafanyaje?"

Baba aliweka kiatu chini. "Hapo mlangoni," alisema, "hatuna cha kuwazuia."

Nilitazama kata iliyokuwa mkononi mwangu, na maji ya mvua ndani yake, na makopo juani yanayong'aa. Ninavyokumbuka, wazo halikuja kama mchezo. Lilikuja kama agizo. Baba alikuwa na kitu cha kuwazuia na amesahau. Alikuwa na mitihani mingi. Wale walishika kisubi. Wakikua watashika panya. Wakizidi kukua watashika kiatu cha askari, na kadiri askari atakavyohangaika ndivyo atakavyoshikwa zaidi.

Nikahamisha makopo yote kutoka kwenye sinia la uani hadi kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, nikayapanga yakigusana. Kila mtu aliyetaka kuingia alilazimika kuyaruka. Baba aliruka, akasifu kwamba nimepata mahali penye jua zuri. Mama aliruka, akalalamika. Dada Goreti aliruka akiwa na ndoo kichwani bila kumwaga tone. Kila alipotoka nilishika pumzi, nikiwaambia kimoyomoyo: huyu si yeye, huyu ni wetu, mwacheni.

Tatizo lilikuwa ukuaji. Nilipima kila siku kwa ukucha, na kila siku walikuwa vile vile. Nilichukua karatasi ya mbegu zilizobaki nikazinyunyiza kwenye ardhi ya mbele ya nyumba, mstari mrefu mpaka barabarani, na kuku wa jirani wakapita juu yake wakiparua. Sikuwa na wa kumweleza. Kama ningeeleza ningelazimika kusema kwamba nimesikia, na kama nimesikia basi ni kweli.

Jirani huyo mwenye kuku alikuwa Mama Zubeda, mzaliwa wa Ujiji, mjane, mwenye sauti iliyofika kabla yake. Siku moja alikuja mkono kiunoni, akasimama mbele ya makopo yangu.

"Mwalimu! Nasikia mnafuga majani yanayokula nyama."

"Ni kweli, jirani," Baba alijibu kutoka ndani.

"Basi kifaranga changu kimoja sikioni tangu asubuhi. Nataka mniambie, mmekipika ninyi au wamekula hao?"

"Hao, Mama Zubeda. Na leo wana kiu, usiwasogelee."

"Mimi hawaniwezi! Mimi nyama yangu ngumu, watang'oka meno!" Alicheka mpaka khanga ikamwanguka begani, na Dada Goreti akacheka naye, na Mama Zubeda akamgeukia. "Na wewe binti wa Kasulu, kula, unene kidogo. Hao hata wakikukamata hawatashiba."

Wote walicheka. Mimi nilingoja waondoke, nikapiga magoti, nikatafuta manyoya. Nilipata unyoya mmoja mdogo wa manjano pembeni mwa kopo la katikati. Sijui niseme nini kuhusu furaha ile. Kifaranga! Kama wameweza kifaranga, mtu mzima hayuko mbali. Usiku huo nilivuta miguu yangu kutoka ukingoni mwa kitanda, kwa sababu kopo lilikuwa mlangoni na kitanda hakikuwa mbali na mlango, nami sikuwa na hakika kwamba wananijua kwa harufu.

Kisha mvua zikaisha. Vumbi la Gungu likaamka, vilima vya Kongo ng'ambo ya ziwa vikapotea ndani ya moshi wa mashamba yanayochomwa, na pipa likaanza kunionyesha kitako chake. Nilipunguza kipimo. Nilikataza mtu yeyote kunawia maji yale. Yalipobaki ya kushika kwa kiganja nilianza kuamka mapema na kitambaa cha kufutia vyombo, nikapanda kwenye kigoda, nikafuta umande kwenye bati la chini la banda la kuku la Mama Zubeda na kukamua ndani ya kikombe. Ulitoka umande kidogo, wenye rangi ya kutu. Wale waliendelea kung'aa, lakini si kama zamani.

"Mtoto amekonda," nilimsikia Dada Goreti akimwambia Mama. "Halali vizuri. Akiamka anaamkia mlangoni."

"Ni minyoo," Mama alisema, akaninunulia dawa.

Wakati huo huo habari zilikuwa zinapanda kilima. Mama alirudi kutoka kazini akasema wamepita Mwanga, wamezoa watu sokoni, mmoja akiwa na mzigo wa ndizi kichwani. Baada ya siku kadhaa Mama Zubeda akasema wako Rusimbi. Watu walitamka majina ya mitaa kama wanavyotamka majina ya vituo, na kituo kinachofuata kilikuwa chetu. Kila niliposikia muungurumo wa gari kubwa nilikimbilia mlangoni kuhesabu makopo. Karandinga, lori lao la kubebea waliokamatwa, sikuwahi kuliona kwa karibu. Nililichora kichwani lenye vinywele vyekundu, kama wale.

Na hapo, katika wiki ile mbaya kuliko zote, nikaugua. Malaria ilinilaza. Nakumbuka dari ikishuka na kupanda, nakumbuka uchungu wa kwinini, nakumbuka nikisema "umande, umande" na Mama akinipa uji. Sijui niliumwa kwa muda gani. Nilipoweza kusimama nilishika ukuta mpaka mlangoni.

Walikuwa wamekufa. Matone hayakuwepo hata moja. Vinywele vilikuwa vimesinyaa na kukauka, majani yamekuwa meusi, na juu ya udongo, kopo baada ya kopo, palikuwa na utando mweupe. Udongo wenyewe ulikuwa umelowa chepechepe.

Dada Goreti alitoka jikoni akifuta mikono, uso umejaa habari njema. "Umeamka! Umeona? Sikuwaacha wakauke. Bomba limekatika tangu juzi, na pipa lako tupu. Nikateremka Kibirizi nikateka maji ya ziwa, kule mbali na mitumbwi, masafi kabisa. Nimewapa asubuhi na jioni."

"Ya ziwa?"

"Si mlikuwa mnakataa dawa ya bomba? Ile inayonuka? Ya ziwa hayana dawa."

Kibirizi ni mbali, na kurudi ni mlima mtupu. Alikuwa amepanda mlima ule na ndoo kichwani, kila siku, katikati ya msako, mtu ambaye hakupaswa hata kuonekana barabarani, ili niamke nikute vitu vyangu viko hai. Hayo nayaona leo. Siku ile niliona tu mlango uliobaki wazi.

Nililia mpaka nikakosa pumzi, na katikati ya kilio maneno yote yakatoka, yaliyokaa tumboni miezi mingi. Nani sasa atawashika? Nani? Wanaokuja kukuchukua! Walikuwa wanakua! Walikula kifaranga! Nimesikia Baba akisema mlangoni hakuna kitu, nikaweka kitu, na sasa hakuna!

Nilitegemea acheke. Watu wazima wote wangecheka, na labda ingekuwa afadhali. Dada Goreti alishuka chini taratibu, akakaa kizingitini upande wa pili wa makopo, akayatazama moja moja kama mtu anayesoma. Nikaona anaelewa kwa nini makopo yalihamishwa, na lini. Nikaona pia, ingawa sikujua ninachokiona, kwamba siku ile ya Jumamosi naye alisikia.

Alinyoosha kidole akagusa jani jeusi. Lilikuwa kavu. Halikunata hata kidogo. Akavuta kidole polepole, kwa taabu, akikunja uso, kama kinachovutwa kutoka kwenye gundi.

"Bado wanashika," alisema.

"Wamekufa."

"Wamelala. Humura, mwana wanje. Bado wanashika, nimesikia kidoleni."

Nilijua ananidanganya. Nilimshukuru moyoni, nikamwamini kwa nusu ya akili, na kwa nusu hiyo nikalala mchana ule vizuri kuliko siku nyingi.

Walifika siku chache baadaye, asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri, Baba yuko shuleni na Mama yuko kwenye cherehani. Mimi nilikuwa bado sijarudi shule. Kilichotangulia ni sauti ya Mama Zubeda, kali kuliko kawaida, ikiita kuku ambao wote walikuwa miguuni pake.

"Kuku wangu! Kuku wangu jamani, mwewe huyo! Yuko kwenye mashine ya kusaga! Ingieni, ingieni!"

Dada Goreti aliacha kijiko ndani ya sufuria. Nilisikia gari likizima, milango ya bati ikigongwa, mbwa wakibweka mfululizo kutoka mtaa wa chini kuja juu. Nikamshika sketi.

"Jifiche chini ya kitanda."

"Chini ya kitanda ndiko wanakoanzia."

"Toka nyuma."

"Nyuma ni kwa mwenyekiti wa mtaa, Moni, atawaita." Aliingia chumbani akatoka na fundo lake la kitenge. Halikuhitaji kufungwa. Lilikuwa limefungwa tangu siku aliyofika, na hapo nikaelewa kuwa haukuwa usafi. "Wakinikuta humu, baba yako atapoteza kazi. Nikiwa barabarani, mimi ni mtu wa barabarani."

Alitembea mpaka mlangoni. Mbele ya makopo akasimama. Nilidhani amebadili mawazo. Akanigeukia.

"Waambie waniachie nipite."

Nilitikisa kichwa.

"Moni. Mimi hawanisikii. Wewe ndiye umewalea."

Nilitikisa kichwa tena, nikauma midomo ili isifunguke. Ikiwa wanamzuia yeye basi wanafanya kazi. Ikiwa wanafanya kazi basi hata wale wenye viatu hawataingia. Tungekaa humo ndani yeye na mimi, na nje wangebaki wamenasa, wanatikisa mguu mmoja mpaka jioni. Mbwa wa karibu alianza kubweka. Goreti hakuruka, na ningesema angeweza kuruka, makopo yalikuwa na urefu wa kiganja. Alisimama na fundo lake akiningoja, akitetemeka magoti. Niliyaona magoti yake. Mpaka siku hiyo sikujua kwamba watu wakubwa hutetemeka.

"Mwacheni," nilisema.

"Sema vizuri, wasikie."

"Mwacheni apite."

Akapandisha kitenge kidogo, akainua mguu mmoja juu ya makopo, akauweka nje, akainua wa pili, taratibu, kwa uangalifu wa mtu anayemruka mgonjwa aliyelala. Hakugusa hata kopo moja. Akasema "ahsanteni", hakuniambia mimi, aliwaambia wao. Kisha akaenda.

Hakukimbia. Alipita ua wa Mama Zubeda akamsalimia, "Mwakeye," na Mama Zubeda, ambaye sauti haikuwahi kumwishia, alifungua mdomo pasitoke kitu. Alipanda barabara mpaka alipokuwa mbali na nyumba yetu, akavuka upande wa pili, ndipo akageuka na kuanza kushuka, kama mtu anayetoka kwingine. Wakakutana naye hapo. Walimuuliza neno. Alinyoosha mkono akaonyesha kule chini, upande wa ziwa, mbali kabisa na sisi. Wakamwelekeza nyuma ya gari, akapanda mwenyewe, akapewa fundo lake.

Hakutazama kwetu. Kwa miaka mingi jambo hilo liliniuma kuliko yote; nililigeuza na kuligeuza kitandani kama ninavyogeuza kila kitu. Nilikuwa mkubwa kabisa nilipofahamu kwamba macho yake yangekuja kwenye mlango wetu, na macho yao yangeyafuata.

Mgambo mmoja kijana alifika mlangoni. Alisimama mbele ya makopo, akanitazama.

"Wazazi wako wapi?"

Nilishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili.

"Kazini!" Mama Zubeda alipiga kelele akija mbio, khanga mkononi. "Huyo namwangalia mimi, ana malaria, mwacheni mtoto jamani!"

Kijana alichungulia ndani juu ya kichwa changu. "Na haya makopo mmepanda nini? Bangi?" Akacheka, akasogeza mguu. Ncha ya kiatu chake ikagusa kopo la katikati, ikakaa hapo. Nilikitazama kiatu kile. Sijawahi kutazama kitu namna ile tena. Nilingoja, na nadhani mwili wangu wote ulikuwa unasukuma jani lile jeusi liinuke. Akauondoa mguu kirahisi tu, kama mtu yeyote anavyoondoa mguu, akaenda nyumba ya pili.

Mama alilia jikoni mbele ya sufuria yenye kijiko ndani. Baba alikwenda kambini kwa basi akamtafuta, akaambiwa waliokamatwa mjini wamepelekwa kambi nyingine. Akaenda huko, akaambiwa kuna kundi limesharudishwa kwao. Alirudi akakaa barazani bila kuvua viatu. Hakuna aliyeniuliza lolote, na hakuna aliyeyaondoa makopo. Tuliendelea kuyaruka.

Kisha mvua za kwanza zikaja. Zilipiga siku kadhaa bila kupumzika, zikaosha bati, zikaosha ule weupe juu ya udongo, ukatiririka kupitia matundu ya msumari. Sikuwa nawafunika tena, sikuwa nawatazama. Lakini asubuhi moja, nikienda shule, niliona ukijani, kama ukungu wa mkate. Mbegu zilizokuwa zimelala katika udongo ule zilikuwa zimengoja maji yao. Niliinama. Kila kitu kidogo kilikuwa na vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone.

Niliogopa siku ile kuliko siku ya karandinga. Niliyabeba makopo moja moja, mikono ikiwa mbali na mwili, nikayapeleka nyuma ya jiko, ng'ambo ya pipa, mahali ambapo hakuna mtu anayepita. Nilifagia kizingiti, nikafagia na mstari wote ule mpaka barabarani, hata kama hapakuwa na kilichoota. Niliwaza kwamba anaweza kurudi muda wowote, huenda nikiwa shuleni, na mimi ndiye peke yangu ninayejua kuwaambia wamwache apite.

Hakurudi. Hapa Dodoma wapangaji wenzangu wote wana kapeti mlangoni na viatu vimepangwa juu yake. Mbele ya mlango wangu hakuna kitu. Hunicheka, wananiuliza viatu naviweka wapi. Naviweka ndani, ukutani, mbali na njia.